Tela likae sawa na boti: namna ya kupima na kurekebisha kabla boti haijabonyea chini

Wakuu habari zenu. Nafanya kazi ya faiba na matela huku Mwanza, na boti nyingi naletewa zina ufa au zimebonyea chini, mwenyewe anaapa hajagonga jiwe popote, na kweli hajagonga, ni tela ndo limeiumiza. Boti ikiwa majini inabebwa chini kote. Ukiipandisha kwenye tela uzito uleule unaangukia kwenye mbao mbili na rola chache, alafu uivute kutoka Kirumba mpaka Igombe au uende nayo Magu na matuta yote yale, kila tuta linapiga palepale. Matela mengi huku ni ya mtumba au yalichomelewa kwa ajili ya boti ya mtu mwingine, kwaiyo usitegemee lije limekaa sawa na boti yako, lazima ulirekebishe.

Andaa futi ya kupimia, spana, jeki mbili, magogo imara, chaki na kipande cha karatasi ngumu kama ya boksi.

Hatua ya 1: jumlisha uzito wote

Hapa watu wanakosea sana. Unakuta tela lina kibati kimeandikwa kilo 750, jamaa anasema boti yangu ni 550 tu, freshi. Sio freshi. Ile 750 kwa matela mengi yanayotoka Ulaya ni jumla ya tela lenyewe na mzigo wake. Piga hesabu: boti 550, Yamaha 40 ya mipigo miwili weka 75, petroli lita 60 ni kama kilo 45, betri 20, nanga na kamba 15, maboya na vikorokoro vingine 10. Hapo ushafika 715. Ongeza tela kilo 250 unapata 965, umezidisha kilo 215 na bado hujaweka neti wala barafu. Hapo tafuta tela jingine, hakuna kurekebisha.

Soma na tairi pia, ubavuni pameandikwa MAX LOAD na kilo zake, tairi zote zikijumlishwa zizidi uzito unaolalia ekseli.

Hatua ya 2: ijue boti yako kwa chini

Ingia chini na tochi. KAMWE usiingie chini ya boti iliyoshikwa na jeki peke yake, weka magogo kwanza, kila upande, alafu itikise uone kama imetulia. Tafuta mkuku, ule uti wa chini unaokwenda katikati ya boti kwa urefu, unapita wapi, na ndani ya boti ile mihimili inayokwenda kwa urefu iko umbali gani kutoka katikati. Pima ndani, hamishia kipimo nje, chora na chaki. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia, penye mhimili sauti ni nzito, pasipo na mhimili panalia wazi. Penye sauti ya wazi hapafai kubeba.

Hatua ya 3: mkao wa nyuma

Ukisoma hatua moja tu soma hii. Ule ukuta wa nyuma uliofungwa injini ndo sehemu nzito kuliko zote, kwaiyo mbao za kulalia lazima zifike mpaka chini yake, mwisho wa mbao na ukuta viwe sawa au mbao ipitilize kidogo. Mbao ikiishia ndani na boti ikaning'inia nyuma hata nusu futi, injini inavuta ukuta chini wakati ncha ya mbao inasukuma faiba juu, na baada ya muda chini panapinda kuelekea ndani, panakuwa kama bakuli. Boti ya hivyo ukiipeleka majini inasukuma pua chini, haikimbii, inakula mafuta, na fundi wa injini atahangaika na plagi na kabureta wakati tatizo sio injini kabisa. Nilishaletewa boti ya kuvulia sangara iliyobadilishwa propela mara kadhaa, nikaweka rula ndefu chini yake nyuma, mwanga ukapita katikati. Kuinyoosha faiba iliyopinda hivyo ni gharama kubwa mno ukilinganisha na bei ya mbao mbili ndefu.

Hatua ya 4: mbao na rola

Kama tela lina rola za katikati, mkuku ubebe sehemu kubwa ya uzito, mbao za pembeni zishikilie tu boti isilale upande. Kama ni mbao tupu bila rola za kati, basi mbao zikae chini ya ile mihimili uliyochora, na zisikanyage ukingo wa ile mistari iliyotokeza chini ya boti, ukingo utamenyeka.

Kurekebisha: inua boti kidogo, weka magogo, legeza boliti, sogeza mbao, shusha, kagua. Chukua ile karatasi ngumu pitisha kati ya mbao na boti kuanzia mbele mpaka nyuma. Inapoingia kirahisi hapashiki kitu, inapogoma kabisa pamebeba kupita kiasi. Rudia mpaka ibane kwa usawa pande zote mbili. Inachosha lakini usiikatishe njiani, nusu sentimita tu inabadilisha mambo.

Rola tupu bila mbao kwa faiba nzito mimi siipendi, kila rola inabeba kwenye kisehemu kidogo sana. Ukiwa nazo ziwe nyingi na zote ziguse. Na wenye boti za alumini: mbao iliyotiwa dawa ya kijani, ile yenye shaba, isiguse boti, inakula alumini hasa kapeti ikiwa imeloa.

Hatua ya 5: pua

Sukuma boti ikae nyuma vizuri kwanza, NDIPO ulete nguzo ya winchi (ile mashine ya kuvutia boti kwa mkanda) mbele ikutane na pua. Watu wanafanya kinyume. Pete ya pua ikae chini ya rola ya mbele ili pua isiruke juu ukifunga breki, na mkanda wa winchi uvute kwenye mstari ulionyooka. Kitu kingine, ukipandisha boti sehemu yenye mteremko mkali itaonekana imebana pale pua, ukifika sehemu tambarare inaachia nafasi. Kaza winchi tena ukiwa tambarare, na ukaguzi wote fanyia hapo.

Hatua ya 6: uzito wa kichwani

Kichwa cha tela pale panapokamata gari kinatakiwa kibebe kama asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote. Kwa mfano wetu wa 965 ni kama kilo 50 mpaka 95. Azima mizani ya kulaza chini kwa wauza mchele, weka gogo juu yake lifikie kimo cha gari, kichwa kikae hapo tela likiwa limenyooka. Kikiwa chepesi tela litayumba ukiongeza spidi, kikiwa kizito kinakandamiza gari nyuma na usukani unakuwa mwepesi.

Sasa kama hakijakaa sawa usikimbilie kusogeza boti, utaharibu ile hatua ya 3. Sogeza ekseli. Ukiirudisha nyuma kichwa kinaongezeka uzito, ukiileta mbele kinapungua. Pima kila upande isije ikakaa mshazari, tairi zitaisha upande mmoja.

Hatua ya 7: kufunga na kujaribu

Mkanda mmoja mbele pamoja na mnyororo, miwili nyuma kutoka kwenye pete za ukuta mpaka kwenye chesisi. Winchi peke yake sio kufunga. Injini ikiinuliwa iwekee nguzo ya kuisaidia, isining'inize uzito wote kwenye ukuta barabarani.

Chomoa kizibo cha tundu la kutolea maji kwenye boti, inua pua juu kidogo boti ikiwa imeegeshwa. Mvua ikijaza lita 300 ndani umeongeza kilo 300 juu ya mbao zilezile ulizohangaika kuzipanga.

Alafu zunguka nayo kilomita chache polepole, simama, gusa habu za tairi, pale katikati penye beringi: uvuguvugu sawa, moto wa kuunguza ujue beringi au grisi haiko vizuri. Zikiwa za moto usiziingize ziwani papo hapo, zikipoa ghafla zinanyonya maji ndani, subiri kwanza. Kaza boliti zote upya, pitisha karatasi tena, na ukishatoa boti majini toa magugu maji yote kwenye ekseli kabla hujaondoka mwaloni. Kizibo kirudishe kabla ya kushusha boti.