Magamba ya konokono, hamira na sukari: kuonyesha darasani Mwanza kinachoyapata matumbawe machanga

Mwanza iko mbali na bahari, lakini kemia inayoyasumbua matumbawe machanga inaweza kuonekana kwenye meza ya klabu ya sayansi yoyote ya hapa. Gamba la konokono wa Ziwa Victoria limejengwa kwa madini yale yale yanayojenga kiunzi cha tumbawe: kalsiamu kabonati ya aina ya aragonaiti. Ganda la yai ni kalsaiti, aina nyingine ya kalsiamu kabonati, ambayo huyeyuka kwa shida zaidi, kwa hiyo tumia konokono.

Walimu wengi huonyesha jambo hili kwa kutumbukiza gamba kwenye siki. Povu linapendeza macho, ila somo linapotoka. Siki humaliza kabisa uwezo wa maji kuhimili asidi, na bahari haifanyiwi hivyo. Hewa ukaa ikiingia baharini huungana na maji kuwa asidi ya kaboniki, asidi hiyo huachia haidrojeni, na haidrojeni hukamata kabonati na kuigeuza bikabonati. Tumbawe linakosa kabonati, yaani tofali lake la ujenzi, ingawa maji bado hayajawa asidi. Tangu enzi za viwanda zianze, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kipimo cha pH huenda kwa mara kumi kumi, na mshuko huo ni ongezeko la karibu asilimia 30 la haidrojeni. Ndiyo maana jaribio hili linatumia hewa ukaa yenyewe.

Kuhusu magamba, usalama kwanza. Okota matupu tu, kwenye mchanga mkavu ulio mbali na maji, na wanafunzi wasiingie ziwani kuyatafuta, kwa sababu ya kichocho. Chagua magamba manene yaliyosimama kama pia; yaache yale madogo bapa, maana jamii mojawapo ya konokono wanaobeba kichocho huwa na umbo hilo. Vaa glavu, kisha yaanike juani siku kadhaa.

Gamba lina ngozi nyembamba ya kahawia inayolikinga. Isipoondolewa, jaribio lote litaonekana halifanyi kazi. Loweka kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tano, saa moja au mbili, sugua kwa mswaki, suuza mara nyingi, anika tena. Jiki isikutane na siki wala limau hata tone: hutoa klorini, na klorini ni sumu.

Sasa gawa. Nusu ya magamba yabaki mazima, ya karibu gramu 1 kila moja. Mengine vunja vipande vya milimita 3 hivi. Vipande ndivyo vinavyosimama badala ya matumbawe machanga, kwa sababu tumbawe lililotoka kushika mwamba lina upana wa karibu milimita 1 tu, na kitu kidogo kina eneo kubwa la nje kikilinganishwa na uzito wake. Kila chupa itapata gamba zima moja, na vipande vya jumla ya gramu 1 ndani ya kifuko cha chandarua. Pima kwa mizani ya kidijitali inayosoma 0.01 g, kama ile ya masonara. Uzito ni halali pale tu mapimo mawili ya siku tofauti yanapolingana. Gamba lenye unyevu litakudanganya.

Hatua inayorukwa zaidi ni kuandaa maji. Ukitumia maji ya bomba moja kwa moja, magamba yanaweza kuyeyuka hata kwenye chupa zisizowekewa hewa ukaa, kwa sababu maji yetu yana kalsiamu kidogo. Jaza ndoo ya lita 20, tia vikombe viwili vya magamba yaliyosagwa (yale ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku yanafaa), kisha pitisha hewa kwa pampu ya tangi la samaki kwa wiki moja. Klorini itatoka, na maji yatashiba madini. Yako tayari pH inapoacha kubadilika, mara nyingi kati ya 8 na 8.4. Chuja kwa kitambaa safi.

Andaa chupa sita za lita moja: tatu za hewa ya kawaida, tatu za hewa ukaa. Zile za kawaida nazo zipate mapovu ya pampu, la sivyo hutajua kama gamba liliyeyushwa na asidi au na msukosuko wa maji.

Kila chupa ya hewa ukaa iwe na mtambo wake. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia sukari gramu 200, maji ya uvuguvugu lita moja, kisha hamira nusu kijiko cha chai. Toboa kifuniko tundu dogo kuliko mpira wa dripu, ukate mpira mshazari, uvute upite kwa nguvu, kisha ziba kwa silikoni. Mpira usiende moja kwa moja kwenye magamba. Upitie kwanza chupa tupu yenye matundu mawili kwenye kifuniko, mipira yote ikiishia juu karibu na kifuniko. Chupa hiyo hukamata povu la hamira. Usiku kukiwa na baridi gesi husinyaa na kuvuta maji kurudi nyuma, na maji hayo pia huishia humo.

Kile kigurudumu cha dripu ndicho bomba lako la kurekebisha. Anza na povu moja kila sekunde mbili au tatu, pima pH baada ya saa 12, rekebisha hadi ibaki kati ya 6.3 na 6.7. Usikifunge hadi mwisho hata kwa muda mfupi, chupa itapasuka. Chupa za magamba zifunikwe bila kukazwa, na chumba kiwe na madirisha wazi.

Karatasi za pH hazitoshi hapa. Tafuta kipima pH cha mkononi na ukisawazishe kwa vimiminika vya pH 7 na 10 kila siku ya kupima. Pima asubuhi na alasiri. pH ikipanda ghafla, hamira imechoka (hudumu kama wiki moja) au kuna mwani. Weka chupa mbali na dirisha, kwa kuwa mwani hula hewa ukaa na kupandisha pH. Ndiyo sababu maji ya kijani ya ghuba yetu yanaweza kupita pH 9 mchana wa jua kali. Badilisha maji kila wiki, kwani gamba linaloyeyuka huyashibisha na kujipunguzia adhabu.

Baada ya siku 14 toa magamba, suuza taratibu bila kusugua, kausha, pima. Uzito uliopotea ugawe kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Tazama kingo kwa lenzi: mng'ao umekwenda, pembe kali zimekuwa butu, uso umekuwa mweupe wa chaki. Vipande vipoteze asilimia kubwa kuliko gamba zima. Visipotofautiana, kifuko kimevibana maji yasipite, au ngozi haikutoka vizuri.

Waelezeni wanafunzi mipaka ya jaribio. pH 6.5 ni kali mno kuliko bahari yoyote inayotarajiwa karne hii. Imechaguliwa ili mizani ione kitu ndani ya wiki mbili. Tena gamba tupu halijitetei. Tumbawe hai husukuma haidrojeni nje ya sehemu linapojengea kiunzi, na kazi hiyo hula nguvu. Kwenye maabara, matumbawe machanga yaliyowekwa kwenye hewa ukaa nyingi mara nyingi hujenga kiunzi kidogo, chembamba, chenye mapengo, na yaliyolishwa vizuri huweza kustahimili zaidi. Spishi hazifanani. Hata mahali pa kukaa panaharibika: lava (mtoto wa tumbawe anayeelea kabla ya kushika mwamba) hupenda kushika mwani mgumu wa waridi unaofunika mwamba, na mwani huo hujengwa kwa kalsaiti yenye magnesiamu nyingi, ambayo huyeyuka mapema kuliko aragonaiti. Mtoto anayechelewa kukua hufunikwa na mwani laini au hukwanguliwa na samaki wanaolisha mwambani.

Klabu yenye muda irudie kwa pH 7.4 na siku 30, chupa tatu tatu vilevile, kwa mizani inayosoma 0.001 g ikipatikana.