Somo: Namna ya kupata video za ajali za ndege za kijeshi bila kumponza mwanajeshi

Ndugu wanachama, katika kikundi chetu cha wapenzi wa ndege hapa Mwanza ombi linalojirudia kuliko mengine yote ni la mtu anayetafuta video ya ajali ya ndege ya kivita ili aichambue, aiwekee maelezo ya Kiswahili na kuirusha mtandaoni. Nia hiyo si mbaya, kwa sababu ajali zinafundisha mambo ambayo maonyesho ya ndege hayafundishi. Tatizo lipo katika njia inayotumika. Wengi humtafuta mwanajeshi wa nje aliyeweka picha yake akiwa na sare, humwandikia kwamba wanaomba “ile video”, kisha humkumbusha kila baada ya siku mbili kana kwamba wanamdai. Somo hili linaeleza njia nyingine, ambayo ni ndefu kidogo lakini huleta kitu kilicho kamili zaidi, na haimwachi mtu wa watu akijibu mashtaka.

Hatua ya kwanza: elewa unachomwomba mwanajeshi

Tarehe 24 Januari 2022, ndege aina ya F-35C ya Jeshi la Majini la Marekani ilijigonga kwenye sitaha ya meli ya kubeba ndege USS Carl Vinson ilipokuwa ikitua katika Bahari ya Kusini ya China, ikateleza na kutumbukia majini. Rubani alijirusha akaokolewa, na mabaharia kadhaa walijeruhiwa. Haukupita muda mrefu, video ya tukio ikaenea duniani. Ukiitazama kwa makini utagundua kwamba si rekodi yenyewe, bali ni skrini iliyorekodiwa kwa simu: meli za aina hiyo zina kamera zinazorekodi kila ndege inapotua, na mtu alikuwa amesimama mbele ya skrini, simu mkononi, wakati rekodi ikirudiwa. Jeshi hilo likawafungulia mashtaka mabaharia 5, mmoja akiwa ofisa, chini ya Kifungu cha 92 cha sheria yao ya kijeshi, kinachohusu kukiuka amri.

Nawaomba mkisome tena kisa hicho kila mnapotaka kuandika “Afande, nirushie tu, sitamwambia mtu.” Mwanajeshi hana mamlaka ya kutoa rekodi ya ajali, hata kama aliishuhudia kwa macho yake na hata kama nakala anayo kwenye simu. Rekodi hiyo ni kielelezo cha uchunguzi. Akikupa anahatarisha cheo, mshahara na pengine uhuru wake, ilhali wewe unahatarisha bando la siku moja.

Zaidi ya hapo, kinachovuja mara nyingi hakina elimu unayoifikiria. Video ya Carl Vinson inaonyesha sekunde chache za moto na vyuma, lakini ripoti ya uchunguzi iliyotolewa kwa umma mwaka 2023 ndiyo iliyoeleza kwamba rubani alijaribu mbinu ya kurejea kwa haraka iliyombana muda wa kukamilisha maandalizi ya kutua, na kwamba hakuwasha mfumo wa kumsaidia kudhibiti nguvu ya injini. Hali ni hiyo hiyo kwa F-35B ya Uingereza iliyoanguka baharini tarehe 17 Novemba 2021 ilipokuwa ikiruka kutoka meli ya HMS Queen Elizabeth katika Bahari ya Mediterania. Video yake nayo ilivuja, na kila aliyeitazama akatoa nadharia yake. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2023 ikaja kusema kwamba kifuniko cha kuziba tundu la kuingizia hewa hakikuondolewa kabla ya safari, hivyo injini haikupata nguvu ya kutosha kuinua ndege. Kifuniko hicho hukioni popote kwenye video.

Hatua ya pili: itambue ajali yako kwa jina lake kamili

Kabla ya kuandika popote, kusanya aina ya ndege, tarehe, mahali, jeshi au kikosi kilichohusika, na namba ya mkia kama inapatikana. Kuomba “video ya F-16 iliyoanguka” ni sawa na kufika Mwaloni Kirumba ukaagiza samaki bila kusema kama unataka sato au sangara. Magazeti ya siku zile yanatosha kukupa karibu yote haya.

Hatua ya tatu: tafuta kilichokwisha kutolewa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina hazina ya picha na video iitwayo DVIDS, ambayo iko wazi kwa mtu yeyote na ina kifaa cha kutafutia kwa tarehe na kwa kikosi. Filamu za zamani zaidi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo, na orodha yake inasomeka mtandaoni bure. Kwa Uingereza, ripoti za uchunguzi wa ajali za kijeshi huchapishwa kwenye tovuti ya serikali yao, zikiwa na picha, michoro na mpangilio wa matukio dakika kwa dakika.

Kwa Jeshi la Anga la Marekani kuna jambo la kulifahamu, kwa kuwa linawachanganya hata wakongwe wetu. Ajali kubwa moja huweza kuwa na chunguzi mbili. Uchunguzi wa kwanza ni wa usalama, unaofanywa kwa siri ili mashahidi waseme ukweli bila hofu ya kuadhibiwa kwa maneno yao, na kauli zao hazitolewi. Mahakama ya Juu ya Marekani ililinda siri hiyo katika hukumu ya mwaka 1984. Uchunguzi wa pili hufanywa na bodi ya uchunguzi wa ajali, na ripoti yake huandikwa kwa ajili ya umma na familia za waliofariki. Unachokitafuta wewe ni hiki cha pili. Ukimwomba mtu kile cha kwanza umemwomba avunje ahadi aliyopewa mwenzake, na hapo hata ungekuwa na maneno ya asali, usitegemee jibu.

Kuhusu matumizi, kazi iliyofanywa na mtumishi wa serikali kuu ya Marekani akiwa kazini haina hakimiliki nchini humo, lakini usiiwasilishe kana kwamba jeshi lao limeidhinisha kipindi chako. Uingereza ni tofauti: picha za jeshi zina hakimiliki ya serikali, na masharti yake yasomwe kwanza.

Hatua ya nne: andika ombi kwa ofisi, si kwa mtu

Kama hukupata kitu, tumia sheria. Sheria ya Uhuru wa Habari ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1966, inamruhusu mtu yeyote kuomba, na huhitaji kuwa raia wao. Aliyekaa Buhongwa anaomba kama aliyekaa Texas. Uingereza wana sheria yao ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Januari 2005. Kila tawi la jeshi lina ofisi yake ya kupokea maombi, na ombi likienda tawi lisilohusika hupotea muda mwingi.

Barua iandikwe kwa Kiingereza chepesi, lakini maudhui yake yawe kama haya: “Chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari, naomba nakala ya ripoti ya bodi ya uchunguzi ya ajali ya ndege aina ya B-52H iliyoanguka katika kambi ya Fairchild, jimbo la Washington, tarehe 24 Juni 1994, pamoja na picha za video zilizoambatishwa. Naomba kwa matumizi binafsi. Niko tayari kulipa hadi dola 25. Gharama ikizidi hapo, tafadhali nijulisheni kabla ya kuendelea. Ningependa kupokea kwa barua pepe.”

Sentensi ya gharama usiiache. Mwombaji wa kawaida asiye wa biashara hapewi ankara ya saa 2 za kwanza za kutafuta wala kurasa 100 za kwanza, lakini baada ya hapo anaweza kutozwa. Na kama chaneli yako inaingiza fedha za matangazo, usijiite mtu wa matumizi binafsi. Ofisi hizo zina watu wanaojua kutafuta jina lako mtandaoni.

Hatua ya tano: subiri kwa utulivu

Sheria zote mbili zinataja siku 20 za kazi. Kwa rekodi za kijeshi za Marekani, muda halisi huwa miezi. Utapewa namba ya ombi. Itunze na uitaje kila unapoulizia.

Hatua ya sita: ukimwandikia mwanajeshi, mwombe anachoweza kutoa

Sisemi kwamba wanajeshi wasisemeshwe. Wapo wanaopenda kueleza kazi yao, hasa waliostaafu. Ila mwulize swali dogo ambalo jibu lake si siri: kwa nini ndege za meli hutua rubani akiongeza nguvu ya injini badala ya kuipunguza, au ofisa habari wa kikosi chake anapatikana kwa njia gani. Jitambulishe, eleza utatumiaje jibu, na umpe ruhusa ya kutojibu kabisa. Ujumbe uwe mmoja. Mtu aliye kwenye meli au katika zoezi anaweza kukaa wiki nyingi bila intaneti ya maana, na akiirudia simu yake wa kwanza kujibiwa ni mke na watoto.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nyakato: Shikamoo mwalimu. Mbona hujagusa jeshi letu? Mimi nina binamu yangu JWTZ, je, nikimwomba kwa undugu kuna ubaya?

Marahaba, mdogo wangu. Ubaya upo, na undugu unauzidisha, kwa sababu binamu atashindwa kukukatalia. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na inaipa taasisi siku 30 za kujibu, lakini taarifa zinazoweza kudhuru ulinzi wa nchi zimewekwa kando. Ipo pia Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayolinda maeneo na taarifa za ulinzi. Kwa hiyo ombi lolote lipelekwe kwa maandishi kwa wasemaji wa Makao Makuu ya Jeshi, na likikataliwa, limekataliwa. Nikiwa hapo hapo: sisi tunaokaa Ilemela kutazama ndege tusielekeze kamera upande wa jeshi. Ndege za abiria zinatosha.

Mwanachama wa Bukoba: Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani hapa kwetu tarehe 6 Novemba 2022 tulipata taarifa ya awali ya uchunguzi mapema. Kwa nini ya kijeshi isiwe hivyo?

Kwa sababu zinafuata kanuni tofauti. Ndege ile, iliyopoteza watu 19 kati ya 43, ilikuwa ya kiraia, na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi kutoa taarifa ya awali ndani ya siku 30. Kifungu cha 3 cha mkataba huo wa mwaka 1944 kinaziondoa ndege za serikali, yaani za jeshi, forodha na polisi. Kila nchi huamua yenyewe itasema nini kuhusu ndege zake za kivita na itasema lini.

Mwanachama wa Capri Point: Mzee wangu jirani alikuwa jeshini wakati wa vita vya Kagera. Nataka kumwomba picha za siku ile ndege ya Libya ilipokuja kupiga Mwanza.

Hiyo haikuwa ajali, ila swali linafaa. Mwaka 1979 ndege ya Tu-22 ya Libya ilitumwa kuushambulia mji wetu, ikakosea shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambako waliokufa walikuwa wanyama. Usimwombe mzee picha. Mpelekee salamu, kaa naye, umwulize alikuwa wapi siku hiyo na alisikia nini. Akitaka kukuonyesha kitu atakileta mwenyewe. Akisema kuna mambo hayasemi, badilisha mazungumzo.

Mwanachama wa Musoma: Nimetumiwa kwenye WhatsApp video ya helikopta ya jeshi ikianguka, na miili inaonekana. Ninaweza kuichambua?

Usiitume kwa mwingine. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2004 ilikubali kwamba familia ina haki ya faragha juu ya picha za kifo cha ndugu yao, na hata bila mahakama yoyote, mama wa marehemu naye ana simu. Jambo la pili ni la kiufundi: video nyingi za aina hiyo ni za zamani zilizobadilishwa tarehe, na nyingine zimetoka kwenye michezo ya kompyuta ya urubani. Tazama kivuli cha ndege, moshi na sauti. Katika michezo, moshi mara nyingi haufuati upepo unaopeperusha nyasi.

Mwanachama wa Kirumba: Ofisi ya Marekani niliyoiandikia imenijibu, lakini kurasa nyingi zina mistari myeusi na video wamekataa. Nilalamike?

Kwanza soma herufi na namba zilizoandikwa pembeni ya kila sehemu iliyofichwa, kwani zinataja msamaha uliotumika, yaani sababu ya kisheria ya kutokutoa taarifa hiyo. Namba 6 inalinda faragha ya mtu, na hapo mara nyingi hutashinda. Namba 5 inahusu mawasiliano ya ndani na zile kauli za siri za mashahidi. Kwa video, waulize kama wanaweza kutoa sehemu isiyoonyesha watu, kwa sababu sheria inawataka watenganishe kinachotolewa na kisichotolewa. Wakikataa tena, kata rufaa kwa maandishi. Unazo siku zisizopungua 90 tangu tarehe ya jibu lao, na rufaa yenyewe hailipiwi.