Umekutana na duara la ajabu kwenye picha za redio za anga? Anzia hapa kulitafutia asili

Siku hizi picha za darubini za redio (zile zinazonasa mawimbi ya redio badala ya mwanga) ziko wazi mtandaoni, unafungua Aladin Lite, ramani ya anga ya mtandaoni, kwenye brauza unazurura angani bure, na ukizurura sana utakutana tu na kidude kisichoeleweka. Wengi wakifika hapo wanarukia shimo jeusi au viumbe wa sayari nyingine. Tulia kwanza. Unaondoa kimoja kimoja, ukianzia hapa hapa duniani ndo uende mbali.

Na nikisema hapa hapa namaanisha hadi jikoni. Darubini ya Parkes, Australia, ilikuwa inanasa milio mifupi ya ajabu tangu 1998, hadi 2015 ndo ikajulikana ni maikrowevi ya palepale kituoni, mtu kafungua mlango kabla haijamaliza kupasha. Dalili ilikuwepo siku zote, maana mlio ulitokea kwenye biimu zote 13 kwa mpigo, yaani pande zote 13 za anga ambazo darubini inazitazama kwa pamoja, wakati kitu cha angani kweli kina sehemu yake moja. Mwaka 2024 tena darubini ya ASKAP, nayo ya Australia, ikanasa mlio mkali sana, kumbe ni Relay 2, satelaiti ya Marekani iliyokufa tangu 1967.

Sasa tuseme chako ni duara na halisogei. Fanyia mazoezi ORC1 (ORC ni Odd Radio Circle, yaani duara la ajabu la redio), ile duara maarufu ambayo mwanaastronomia Anna Kapińska aliiona 2019 akipitia picha za ASKAP kwa macho yake tu. Andika kodineti zake, 21 02 58 -62 00 14, kwenye Aladin.

Swali la kwanza, darubini nyingine inaliona? Kompyuta inapotengeneza picha za redio huacha makovu, hasa karibu na kitu king'avu sana, kwa hiyo duara lililoonekana na darubini moja tu mimi siliamini. ORC1 ilithibitishwa na darubini zaidi ya moja, na 2022 MeerKAT ya Afrika Kusini yenye madishi 64 ikatoa picha safi kuliko zote. Ila angalia, kila sevei (mkusanyo wa picha za eneo kubwa la anga) ina mipaka yake, mfano NVSS ya Marekani haifiki kusini ya digrii -40, na duara hizi ni hafifu mno, usipoliona kwenye sevei fulani haimaanishi halipo.

Pili, liko wapi ukilinganisha na Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu? Likiwa ndani ya ule ukanda au kando yake tu, shuku masalia ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, yamejaa huko. ORC1 iko mbali na ukanda.

Halafu badilisha leya (aina ya picha) kwenye Aladin, weka picha za mwanga wa kawaida, infraredi, eksirei. Hapa ndo penye utamu, usipaharakishe. Gesi iliyotupwa na nyota inayokufa mara nyingi utaiona na kwenye mwanga wa kawaida, lakini duara la ORC1 linapotea kabisa, inabaki galaksi moja katikati. Galaksi ya katikati inaweza kuwa bahati tu, lakini ORC4 na ORC5, duara nyingine za aina hii, nazo zinayo, sasa bahati gani hiyo ya kujirudia.

Kama una vipimo vya masafa mawili ya redio (frikwensi, si umbali), linganisha nguvu. Ukipanda masafa mara mbili na nguvu ikashuka hadi karibu nusu, hizo ni elektroni zinazokimbia kwenye uga wa sumaku, si gesi ya moto ya kawaida, maana gesi ya moto haishuki hivyo.

Mwisho tafuta umbali. Bonyeza ile galaksi, ipeleke NED, hifadhidata ya galaksi ya mtandaoni, uangalie redishifti yake, kipimo cha mwanga wake ulivyovutika kuelekea wekundu, kinachoonyesha umbali. Ya ORC1 ni kama 0.55, na ukipiga hesabu duara linatoka na upana wa zaidi ya miaka nuru milioni moja, galaksi yetu nzima inamezwa humo! Hapo supanova moja haiwezi kuwa jibu. Wanaobaki ni wimbi la mlipuko kutoka kiini cha galaksi, mashimo meusi mawili kuungana, au upepo wa supanova nyingi kwa pamoja, na mimi naegemea huo upepo angalau kwa ORC4, kwa sababu darubini ya Keck, ya Hawaii, iliona gesi ya oksijeni ikienda kasi kwenye galaksi yake.

Ukitaka kumwonyesha mtaalamu, mpe kodineti, jina la sevei na masafa. Skrinshoti tupu hatakuwa na pa kuanzia.