Kabla Hujamleta Farasi Nyumbani

Wengi wanaotaka farasi huanza kwa kutafuta tandiko. Anza na ndoo. Farasi mzima hunywa lita 25 hadi 50 za maji kwa siku, na zaidi kukiwa na joto kali. Jaza ndoo ya lita 20, ibebe toka bombani mpaka bandani, rudi ujaze nyingine, kisha jiulize kama utaweza hivyo kila alfajiri, hata siku unayoumwa. Sheria haitauliza kama ulimpenda. Itauliza kama alikuwa na maji.

Kwa Uingereza na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama amtimizie mambo matano: makazi ya kufaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili, kuwa na wenzake au kutengwa nao inapobidi, na kinga dhidi ya maumivu, majeraha na magonjwa. Hapa wengi hujikwaa: si lazima farasi aumie ndipo uwe na kosa. Kuzembea kuchukua hatua zinazostahili kunatosha. Ukimwachia mtu mwingine amtunze, dhamana bado ni yako, na ukimnunulia mtoto wa chini ya miaka 16, anayewajibika ni wewe mzazi. Pasipoti ya farasi, yaani hati ya utambulisho wake, na chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi yake zikague kabla hujatoa pesa.

Chakula ndicho kinachohitaji maandalizi makubwa. Tumbo la farasi ni dogo na hutoa asidi saa zote, ale asile, kwa hiyo akikaa na njaa kwa saa nyingi hupata vidonda vya tumbo. Mwenye kilo 500 huhitaji takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Tafuta kwanza ghala lisilovuja. Kamata konzi ya nyasi, itikise, inuse. Ikitoa vumbi au harufu ya ukungu, usimpe, maana farasi hawezi kutapika.

Fundi wa kwato mpate mapema, kwa kuwa kwato hutakiwa kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Upweke nao ni mateso: Uswisi sheria inataka farasi awe na mwenzake anayeweza kumwona, kumsikia na kumnusa. Naiona ni sheria ya haki kabisa.

Mwisho, daktari wa mifugo. Ulizia nani atakuja saa nane usiku, na atafika kwa muda gani. Jifunze kumpima farasi akiwa mzima: joto nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia. Ukimkuta anageuka kutazama ubavu wake, anaparapara chini na kugaragara, huenda ni msokoto wa tumbo. Mwondolee chakula, piga simu papo hapo.