Namna ya Kufungasha Programu Bila Kuharibu Kazi ya Msanidi

Anayefungasha programu kwa ajili ya distro (mfumo wa Linux unaosambazwa pamoja na programu zake, kama Debian au Fedora) hupokea, pamoja na msimbo, maamuzi ambayo msanidi amekwisha kuyafanya: maktaba zipi (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) zitumike, za toleo gani, na zipi zimenakiliwa ndani ya mradi wenyewe. Kabla ya kugusa lolote, soma historia ya mabadiliko ya mradi, kwa kuwa toleo lililobanwa kwa namba kamili huenda linakwepa hitilafu halisi, na huenda likawa mazoea tu.

Maktaba iliyonakiliwa ndiyo yenye kazi zaidi. Distro hupenda kuwa na nakala moja ya kila maktaba, maana kasoro ya usalama ikigunduliwa katika zlib, maktaba ya kubana data, kwa mfano, hurekebishwa kifurushi kimoja badala ya kusaka nakala zake katika kila programu. Basi ijenge programu kwa maktaba ya mfumo, kisha endesha majaribio yote ya msanidi. Yakikwama kwa sababu msanidi aliibadili nakala yake, iache na uitangaze. Katika Fedora hilo hufanywa kwa kuandika `Provides: bundled(zlib)` ndani ya faili la spec (maelekezo ya kujenga kifurushi), ili wanaoshughulikia usalama wajue pa kuitafuta.

Kiraka, yaani badiliko unaloliingiza mwenyewe katika msimbo wa msanidi, kiwe hatua ya mwisho. Mwaka 2006 Debian iliondoa mistari miwili ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyochanganya data ya kuzalisha namba za nasibu, kwa sababu Valgrind, zana ya kusaka hitilafu za kumbukumbu, ililalamikia kumbukumbu ambayo haijapewa thamani. Mtunzaji alikuwa amewauliza wasanidi, lakini jibu alilopata lilizungumzia urahisi wa kutafuta hitilafu. Hadi kasoro ilipotangazwa Mei 2008, unasibu wa funguo za siri ulikuwa umebaki kutegemea namba ya mchakato (PID) peke yake, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Kwa hiyo usiulize kijuujuu: mpelekee msanidi kiraka kizima, na umwambie wazi kwamba kinakwenda kwa watumiaji.

Kuongeza kitegemezi asichokitaka msanidi nako kunahitaji tahadhari hiyohiyo, pengine zaidi. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa usalama, haikuitumia libsystemd, maktaba ya systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo). Baadhi ya distro ndizo zilizoiunganisha ili sshd, yaani seva ya OpenSSH, iijulishe systemd kwamba imeanza kazi. Libsystemd ikaja na liblzma, maktaba ya mradi wa kubana data uitwao xz, na kwa njia hiyo mlango wa siri uliopandikizwa katika xz 5.6.0 na 5.6.1, uliofichuliwa Machi 2024, ukaifikia sshd. Taarifa yenyewe ni ujumbe mfupi tu unaoandikwa kwenye soketi (njia ya mawasiliano kati ya programu), na OpenSSH 9.8 iliutuma bila maktaba hiyo. Kabla ya kuongeza chochote, tazama kwa `ldd`, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, kitakachofuatana nacho.

Kichwani mwa kila kiraka andika sababu yake, kama kimepelekwa kwa msanidi, na ni lini kitaondolewa. Msanidi akikikataa nawe ukaona huna budi kukisambaza, elekeza taarifa za hitilafu kwenye distro yako, kwani si haki yeye kulaumiwa kwa msimbo asiouandika.