Kulipia leni za ekspresi huku Virginia bila kuumia, kwa mliohamia juzi

Kila baada ya muda kuna ndugu kahamia Woodbridge au Manassas huku Virginia, kapata kazi Washington DC, na wiki ya kwanza tu ananipigia simu, eti kaka ile barabara ya pembeni iliyotengwa na vijiti vyeupe vya plastiki naruhusiwa kupita? Unaruhusiwa, hizo ndizo leni za ekspresi za kulipia, ila ukiingia kichwakichwa utakuja kulia bili ikifika. Sasa nimechoka kurudia, naandika mara moja nikiulizwa nakutumia hii.

Kwanza toa kichwani picha ya daraja la Kigamboni. Pale gari ya aina fulani ina bei yake, asubuhi ni hiyohiyo na usiku ni hiyohiyo, umelipa umepita. Huku bei inapanda na kushuka siku nzima kulingana na foleni, yaani ni kama bodaboda mvua ikishaanza, jana buku leo buku tatu, tofauti ni kwamba huku hakuna wa kupatana naye. Lengo lao ni ile leni isijae, magari yakizidi bei inapandishwa ili wengine waghairi wabaki kwenye leni za bure na foleni yao, na hakuna kikomo kwamba ikifika hapa basi. Ile barabara kuu ya I-66, kipande cha ndani ya Beltway (ndiyo ile 495 inayozunguka DC), walipoanza kutoza Desemba 2017, wiki hiyohiyo ya kwanza bei iligusa dola 40 kwa kipande cha maili kama 10 hivi, watu walipiga kelele nchi nzima ikasikia.

Cha kushukuru ni kwamba bei unayoiona kwenye bango kabla ya kuingia ndiyo utakayolipa, hata kama dakika mbili baadaye imepanda. Kwa hiyo bango lisome, usilipite tu. Lina majina ya sehemu kadhaa za kutokea na bei ya kila moja, unaangalia ile ya kwako au iliyo mbele kidogo ya unakokwenda. Na kila barabara ina hesabu yake, ukitoka barabara kuu ya I-95 ukaunga ya 495 kuna bango jingine na bei nyingine inajumlishwa juu, hapo ndipo wengi wanaposema wameibiwa wakati bango la pili hawakuliona kabisa.

Haya, kifaa. Hakuna kibanda wala mtu wa kumpa hela mkononi, wewe unapita na mwendo wako, juu kuna vyuma vyenye mitambo vinasoma kifaa kilichobandikwa kwenye kioo chako. Kinaitwa E-ZPass. Viko vya aina mbili, cha kawaida na kingine kinaitwa Flex, na ushauri wangu chukua Flex moja kwa moja hata kama leo unaendesha peke yako, sababu nitaisema. Unafungua akaunti E-ZPass ya Virginia kwenye mtandao wao, unaweka dola 35, na hizo hununui kifaa, ni hela yako ya tozo inakaa pale inakatwa kidogokidogo. Hata kama unaishi Maryland unaweza kufungua ya Virginia, hawajali, na kifaa hichohicho kitakupitisha Maryland, New Jersey mpaka New York ukienda kusalimia watu.

Kikifika kwa posta usikitupe kwenye droo ya gari. Kibandike juu kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha kati cha kuangalia nyuma. Halafu ingia kwenye akaunti uandike namba ya gari, tena herufi kwa herufi, maana kifaa kisiposomeka kamera inapiga picha namba na wakiikuta kwenye akaunti yako wanakata kawaida, wasipoikuta wewe ni mhalifu kama wahalifu wengine. Ukiuza gari ifute. Ukihama badilisha anuani, na huku kwenye akaunti na kule DMV pia, ile ofisi ya usajili wa magari, bili inatumwa kwa anuani ya usajili wa gari na haikutafuti ulipo.

Mimi nililiwa kwenye kadi. Nilikuwa nimeweka ijijaze yenyewe salio likishuka, nikalala usingizi wa pono, kumbe kadi ya benki imeisha muda na meseji zao zinaingia kwenye barua pepe ambayo sifungui. Nimepita wiki tatu nikijiona bosi, kila siku napungia mkono walio kwenye foleni, kumbe salio ni hasi na kila safari inahesabika kama sijalipa. Kosa langu, sina wa kumlaumu. Weka alamu kwenye simu ya mwezi kadi yako inapoisha.

Sasa Flex. Kile kifaa kina kiswichi cha kusogeza, upande mmoja ni wa kulipa, upande wa pili umeandikwa HOV, yaani gari lenye watu wengi. Mkiwa watu watatu au zaidi kwenye gari, na wewe dereva ukihesabiwa, unasogeza kwenye HOV na mnapita BURE. Bure kabisa, hata bango likisema dola 30. Mtoto mchanga kwenye kiti chake ni mtu, anahesabiwa. Ndugu wa Uber, abiria wawili na wewe ni watatu, sogeza, ila wakishashuka rudisha, na kusogeza kwenyewe ni kabla hujaingia na gari ikiwa imesimama, siyo unapapasa kioo kwa mkono mmoja uko maili 65. Kifaa cha kawaida hakina hiyo swichi kwa hiyo hata mkijazana kama daladala ya Mbagala mtalipa tu.

Na usijaribu kuwa mjanja uko peke yako umeweka HOV. Polisi wa jimbo wanakaa pembeni, wana namna ya kujua kifaa chako kimesoma nini, halafu wanachungulia ndani wanahesabu vichwa. Faini kule kaskazini mwa Virginia inaanza dola 125, ukirudia 250, mara ya tatu 500, ya nne 1,000, na kuanzia ya pili zinaingia na pointi 3 mbaya kwenye leseni, ukienda kukata bima ndo utajua.

Barabara zenyewe hazifanani. Ile 95 leni zake za ekspresi ziko katikati na zinageuzwa, asubuhi siku za kazi zinaelekea kaskazini kwenda DC, mchana wanafunga kwa muda, wanasafisha njia, halafu zinafunguliwa kuelekea kusini kwa wanaorudi nyumbani. Kwa hiyo mwenye shifti ya usiku anayetoka DC asubuhi asizihesabu kabisa, hazipo kwa upande wake. Tangu Agosti 2023 zinafika mpaka karibu na Fredericksburg. Ile 495 yenyewe ina leni zake pande zote mbili muda wote.

Inayowapiga wageni ni I-66 ya ndani ya Beltway, kwa sababu pale HAKUNA leni ya bure pembeni, barabara nzima inakuwa ya kulipia. Siku za kazi kuelekea DC ni saa 11 na nusu alfajiri mpaka saa 3 na nusu asubuhi, kutoka DC ni saa 9 alasiri mpaka saa 1 jioni, nimeandika kwa saa zetu za Kiswahili msije mkachanganya na za kwenye simu. Nje ya hapo, na wikiendi, unapita bure. Shemeji yangu alifuata ramani ya simu saa 2 asubuhi akijua yuko kwenye barabara ya kawaida. Na zamani pale watu wawili walitosha kupita bure, sheria ikabadilika Desemba 2022, sasa ni watatu, kwa hiyo akikuambia mwenyeji wa siku nyingi kwamba wawili wanatosha mwambie asante halafu usimsikilize. Kwenye simu yako pia nenda sehemu ya mipangilio ya ramani uchague kuepuka tozo, utaiwasha na kuizima mwenyewe.

Umeingia kwa bahati mbaya bila kifaa? Usifunge breki, usirudi nyuma, usipenye kwenye vijiti, nimewahi kuona mtu anafanya hivyo nikashika kichwa. Endelea mpaka utokee, ukifika nyumbani ingia mtandao wa hiyo barabara utafute sehemu ya tozo ambayo hujalipa, weka namba ya gari na tarehe ulipe mapema, siku zilezile. Ukinyamaza tozo ya dola nne inaongezewa ada, inaenda kwa wakusanya madeni, inaenda mahakamani, na DMV wanakukatalia kufanya upya usajili wa gari. Ukikodi gari ongeza namba yake kwenye akaunti yako kwa siku hizo halafu uifute, vinginevyo kampuni ya gari inaweza kukutoza ada yake juu ya tozo.

Na ile meseji inayokuja kwenye simu eti una deni la tozo dola kadhaa bofya hapa ulipe leo, ni matapeli. FBI walitoa tahadhari Aprili 2024 baada ya malalamiko zaidi ya 2,000 kuingia ndani ya wiki chache. Usibofye, fungua akaunti yako mwenyewe uone kama kuna deni.

Je inafaa kulipa kila siku? Mimi nasema hapana. Nalipa siku ya kuchelewa kazini au kumuwahi mtoto shule, siku nyingine natoka nyumbani nusu saa mapema bei ikiwa bado imelala, au napanda basi la OmniRide linalopita leni hizohizo. Ila siri yenyewe ni slugging. Ni lifti tu kama zetu, imeanza huku tangu miaka ya 70, watu wanapanga foleni kwenye maegesho kama ya Horner Road pale Woodbridge, wewe mwenye gari unasimama, unataja unakokwenda, Pentagon au mjini, wanaingia wawili, unasogeza swichi HOV, mnapita bure wote. Hamna kulipana hata senti. Adabu yake abiria haanzi maongezi mpaka dereva aanze, hakuna kula, hakuna kuongea na simu kwa sauti, na redio ni ya dereva. Mimi naweka taarabu chini kwa chini, mpaka leo hajalalamika mtu.