Kulinda tezi (sehemu ya nyuma) ya mashua ya starehe iliyofungwa gatini

Dar es Salaam, ambako wakati wa bamvua (siku za maji makuu) maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, mashua iliyofungwa tezi ikielekea gati haipaswi kuachwa na kamba zilizokazwa. Tia nanga mbali mbele ya omo (sehemu ya mbele ya mashua), kisha uivute amari (kamba ya nanga) mpaka uhakikishe kwamba nanga imeshika barabara, kwa kuwa hiyo, kwa maoni yangu kuliko dafrao (kinga ya kuzuia mashua isigonge) yoyote, ndiyo inayoizuia tezi isigonge ukuta kusi inapovuma. Kamba mbili za nyuma zipishanishe, ili ziwe ndefu na zivumilie maji kupwa, na uzizungushie kitambaa kinene zinaposugua. Ninginiza dafrao za mpira kwenye pembe zote mbili za tezi. Pima pia kina chini ya usukani maji yakiwa yamekupwa kabisa.